Sanchin: ngumi iliyokunjwa kati ya Fuzhou na Naha

Ukipita karibu na dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, siku ya Sanchin, masikio ndiyo yanayopata habari kwanza. Hewa inavutwa puani taratibu, inashushwa mpaka chini ya kitovu, kisha inatolewa mdomoni kwa mkoromo mzito, kama wa mtu anayesukuma gari lililozama matopeni. Ukichungulia ndani unawaona wamesimama vifua wazi, vidole vya miguu vimegeuzwa ndani kidogo, mikono yote miwili imeinuliwa mbele, ngumi usawa wa mabega, viwiko vikiwa mbali na mbavu kwa upana wa ngumi moja. Hatua moja. Mkono unarudi kwapani, ngumi inatoka polepole mno, inarejea mahali pake. Hatua nyingine. Mwalimu anazunguka nyuma yao, anawagonga mabega kwa viganja, anakamata paja, anapiga tumbo kuona kama limekaza. Teke la kuruka hakuna, wala ukelele wa sinema. Mgeni hukaa akijiuliza: hawa wanapigana na nani?

Kata yenyewe (siyo ile yenye diwani na ofisi ya mtendaji, kwenye karate, kata ni mfululizo wa mienendo iliyopangwa ambayo mtu huifanya peke yake, mpinzani akiwa kichwani) inaitwa Sanchin. Ni ya Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, na kwa wafuasi wa Goju-ryu na Uechi-ryu ndiyo nguzo inayobeba nyumba nzima. Kwamba asili yake ni China, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwingine: nani aliileta, ilifika lini, na ilipofika ilikuwa na sura gani. Maswali haya matatu watu huyafunga kamba moja na kuyajibu kwa hadithi moja, ya kijana aliyepanda merikebu akaenda China na kurudi na siri. Hadithi tamu, ila imebebeshwa mzigo unaoizidi nguvu.

Tuanze na jina

Sanchin huandikwa kwa herufi mbili, "tatu" na "vita". Mjapani wa Tokyo akizisoma kwa kawaida ya Kijapani anapata "sansen". Kimandarini kinasoma "san zhan". Sasa shuka mpaka Fujian, jimbo la kusini-mashariki mwa China linalotazamana na Taiwan. Kwa Kihokkien cha upande wa Quanzhou na Xiamen inakuwa "sam chien", na kwa lugha ya Fuzhou, mji mkuu wa jimbo, inakaribia "sang chieng". Sikio halihitaji shule kujua "sanchin" ni mtoto wa nyumba ipi.

Tena haiko peke yake. Kata kadhaa za Naha, mji mkuu wa Okinawa, zinaitwa kwa namba: Seisan ni 13, Seipai ni 18, Sanseru ni 36, Suparinpei ni 108. Kwa Kijapani namba hizo ni jusan, juhachi, sanjuroku na hyakuhachi, na hakuna inayofanana. Kwa lugha ya Fuzhou, 13 ni kama "seksang" na 18 ni kama "sekpaik". Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana hapa. Sisi tunahesabu moja mpaka tano vizuri tu kwa Kibantu, kisha ghafla tunasema sita, saba, tunarudi nyumbani kwa nane, tunatoka tena kwa tisa. Hata kama vitabu vyote vya historia ya pwani vingeungua, hesabu zetu zingebaki zikisema ni nani tuliyefanya naye biashara. Wanakarate wa Okinawa nao wametembea na namba za Fuzhou mdomoni vizazi na vizazi, wengi wao bila kujua kwamba wanahesabu.

Lakini jina lina mpaka wake. Linakuonyesha bandari, halikuonyeshi abiria. Na mtu anaweza kubaki na jina la babu huku sura ikawa ya upande wa mama.

Kusubiri upepo

Kabla ya kuwa mkoa wa Japani, Okinawa ilikuwa kitovu cha Ufalme wa Ryukyu. Mwaka 1372 mfalme Satto alituma wajumbe na zawadi za utii kwa nasaba ya Ming, na tangu hapo ukafunguka mlango uliokaa wazi kwa karibu miaka 500. Simulizi za ufalme zinasema mwaka 1392 zilikuja kutoka Fujian zile zinazoitwa familia 36, mabaharia, makarani na wajuzi wa kuunda merikebu, zikapewa makazi Kume, kando ya bandari ya Naha. Huko Fuzhou nako, Waryukyu walikuwa na nyumba yao ya kufikia: wajumbe, wanafunzi, wafanyabiashara na mabaharia waliishi humo wakimaliza shughuli na kungoja upepo wa kurudi. Mtu wa Lamu au Unguja anajua maana ya kungoja upepo. Si siku mbili. Ni miezi ya kukaa ugenini, kujifunza lugha, kufanya marafiki na, kwa vijana wenye nguvu za bure, kutafuta mwalimu wa ngumi.

Mwaka 1609 watawala wa Satsuma, kusini mwa Japani, waliivamia Ryukyu na kuiweka chini yao, lakini wakaiacha iendelee kupeleka merikebu China kwa sababu faida yake walikuwa wanaila wao. Wajumbe wa China waliendelea kuja kuwatawaza wafalme wa Ryukyu, wa mwisho wakifika mwaka 1866 kumtawaza Sho Tai. Kwenye sherehe zilizofuata, mwaka 1867, wanaume wa Kume na Naha walionyesha sanaa zao za kupigana, na orodha ya maonyesho hayo imebaki. Aragaki Seisho, aliyekuwa mkalimani wa Kichina, alifanya Seisan. Mwingine alifanya Suparinpei.

Tarehe hiyo ni ya kuwekwa akilini, kwa sababu mtu anayetajwa na wengi kuwa ndiye aliyeleta kata hizi kutoka China, Higaonna Kanryo, alizaliwa mwaka 1853. Mwaka 1867 alikuwa mvulana wa miaka 14.

Kaka Ru Ru

Higaonna ndiye shina la Goju-ryu. Alizaliwa Naha, akaanza kujifunza kwa huyo huyo Aragaki, kisha akavuka kwenda Fuzhou. Alivuka lini? Wengine huandika 1869, wengine miaka ya 1870. Alikaa miaka mingapi? Kuna wanaosema mitatu, kuna wanaosema zaidi ya kumi. Wote wanakubaliana kwamba alifundishwa na mtu ambaye Waokinawa humtaja kama Ryu Ru Ko, na kwamba alirudi Naha, akafundisha, akafariki mwaka 1915.

Sasa huyo Ryu Ru Ko ni nani? Wapo watafiti wanaomtambulisha kuwa Xie Zhongxiang, aliyeishi kati ya 1852 na 1930, mwanzilishi wa Minghe, tawi la korongo mweupe, mtindo wa ngumi wa Fujian, linaloitwa "korongo anayelia". Hoja yao ina ladha nzuri: Xie alijulikana mitaani kwa jina la utani la Ru Ru, na "ko" kwa lugha ya Fuzhou ni kaka. Ryu Ru Ko basi si jina kamili la mtu, ni "kaka Ru Ru", kama sisi tunavyoweza kumkumbuka fundi kwa jina la "kaka Juma" mpaka tunazeeka bila kujua ubini wake. Wanaopinga wanauliza: kwa silsila ya Goju-ryu mwalimu huyo alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na Xie amemzidi Higaonna mwaka mmoja tu. Tena kata nyingi za Goju-ryu hazionekani kwenye Minghe.

Mimi naona ugomvi huu unachosha kwa sababu unadhani lazima awepo mtu mmoja. Mwanafunzi mkuu wa Higaonna, Miyagi Chojun, ambaye ndiye aliyeupa mtindo jina la Goju-ryu, alikwenda Fuzhou mwaka 1915 na hakumkuta mwalimu wa mwalimu wake. Na alipoandika muhtasari wa karate mwaka 1934, hakuweka chanzo cha mtindo wao kwenye safari ya Higaonna. Aliandika kwamba ngumi ya Fujian ilipokelewa Okinawa mwaka 1828. Hiyo ni miaka 25 kabla Higaonna hajazaliwa. Anayetaka kuitetea hadithi ya kijana mmoja na siri moja itabidi agombane na Miyagi mwenyewe.

Picha inayopatana na tarehe zote ni hii: Seisan na Suparinpei zilikuwa tayari zimekaa Naha, kwa watu wa Kume na jamaa zao. Higaonna alilelewa na maarifa hayo, akaenda kuyanoa kwenye chemchemi yake, akarudi nayo yakiwa na makali mapya. Wapo hata wanaoshikilia kwamba Sanchin yenyewe aliianza kwa Aragaki. Kwenda Fuzhou kulikuwa kama kwenda Hadhramaut kwa wanazuoni wetu wa zamani wa pwani: si kwamba ulikwenda kutafuta dini, ulikwenda kuitia nguvu kwa masheikh wa huko, na uliporudi watu walikuhesabu kwa safari hiyo.

Ushahidi wa Uechi

Bahati nzuri kuna shahidi wa pili, ambaye hakupitia mlango wa Higaonna kabisa. Uechi Kanbun alizaliwa mwaka 1877, mtoto wa shamba kutoka kaskazini mwa Okinawa. Mwaka 1897 akakimbilia Fuzhou, na sababu haikuwa ya kishujaa: hakutaka kuandikishwa kwenye jeshi la Japani. Huko akafundishwa na Zhou Zihe (1874–1926), akakaa zaidi ya miaka kumi, mpaka akawa na wanafunzi wake mwenyewe Wachina. Aliporudi Okinawa karibu na mwaka 1910 alikataa kufundisha. Simulizi za mtindo wake zinasema mwanafunzi wake huko China aliua mtu kwenye ugomvi wa shamba, na jambo lile lilimkaa rohoni. Mwaka 1924 alihamia Wakayama, Japani bara, kutafuta kazi, na ni huko, kwa kusukumwasukumwa na kijana wa Kiokinawa aliyeitwa Tomoyose Ryuyu, ndiko alikofungua tena mdomo.

Alirudi na kata tatu tu: Sanchin, Seisan na Sanseru. Mtindo aliuita Pangai-noon, nusu ngumu nusu laini, na baadaye ukaitwa Uechi-ryu.

Weka Sanchin ya Uechi kando ya Sanchin ya Goju-ryu. Mifupa ni ile ile: msimamo wa vidole vilivyogeuzwa ndani, hatua ya mwezi mwandamo ambapo mguu hupinda kuingia katikati kabla ya kutoka nje, mikono miwili mbele, mkono mmoja kuvutwa na kurushwa, na mwishoni viganja kuzunguka na kusukuma. Nyama ndiyo iliyotofautiana. Kwa Uechi mikono imefunguliwa tangu mwanzo, na kinachorushwa ni ncha za vidole, tena kwa kasi. Pumzi ni fupi, mlio mdogo kama wa pasi ya moto ikigusa nguo mbichi. Kwa Goju-ryu mikono imekunjwa ngumi, inakwenda polepole, na pumzi inasikika mpaka barabarani.

Watu wawili waliojifunza mji mmoja, wakipishana kwa miaka 20 hivi. Nani amebadilisha?

Mkono uliokunjwa

Jibu lipo Fujian, ambako fomu hii haikuwahi kufa. Mtindo wa korongo mweupe wa Yongchun unayo. Mtindo wa Wazee Watano, ulioenea Quanzhou na Xiamen na kufika Manila pamoja na wahamiaji, unayo pia na huifanya msingi wa kila kitu. Mitindo ya chui milia nayo inayo. Kila mmoja una yake, na kutafuta ile "halisi" miongoni mwake ni kama kutafuta pilau ya kwanza. Lakini zikiwekwa pamoja, zinakubaliana kwenye mambo fulani: hatua tatu kwenye mstari ulionyooka, mikono miwili mbele, na viganja vilivyo wazi. Wa korongo mweupe, mabega yamelegea, nguvu inatoka kiunoni kwa mtikisiko wa ghafla, kama ndege anayekung'uta maji mbawani. Ngano ya mtindo huo inasema binti aliyeitwa Fang Qiniang alijaribu kumfukuza korongo kwa fimbo, korongo akawa anakwepa na kupangua, na binti akageuka mwanafunzi. Ngano ni ngano, ila mtikisiko ule unaonekana kwa macho.

Kwa hiyo kwenye suala la mkono Uechi ndiye aliyebaki karibu na Fujian, na ngumi ni kazi ya Naha. Simulizi za Goju-ryu zenyewe zinakiri hili: zinasema Higaonna aliianza Sanchin kwa mkono wazi, akaukunja alipoanza kufundisha wanafunzi wa shule kuanzia mwaka 1905. Miaka hiyo hiyo Itosu Anko, mwalimu wa karate wa Shuri, mji mkuu wa zamani wa ufalme, naye alikuwa akiingiza karate mashuleni. Mbele yako una watoto 40 kwenye uwanja. Utawafundisha kuchomana vidole machoni? Ngumi ni salama zaidi, inahesabika kwa amri moja, mbili, na inafaa kwa mazoezi ya viungo ambayo serikali ya Japani iliyataka.

Miyagi akaongeza mkono wake. Higaonna aliwageuza wanafunzi nyuma mara mbili katikati ya kata. Miyagi akatunga toleo lisilo na kugeuka, mtu anakwenda mbele na kurudi kinyumenyume. Kisha, karibu na mwaka 1921, akatunga kata nyingine, Tensho, yenye msimamo ule ule na hatua zile zile lakini viganja wazi vinavyotiririka. Aliitoa kwenye mikao sita ya mkono iliyomo kwenye Bubishi, mswada wa Kichina uliokuwa ukinakiliwa kwa mkono Okinawa, wenye habari za korongo mweupe, sehemu za mwili zinazoumiza na dawa za miti shamba. Hapo ndipo ninapoona akili ya Miyagi. Ugumu na ulaini vilivyokuwa ndani ya fomu moja huko Fujian, yeye alivitenga vikawa kata mbili: Sanchin ikabeba ugumu, Tensho ikabeba ulaini. Hata jina Goju, ngumu na laini, alilichota kwenye ubeti wa Bubishi hiyo hiyo unaozungumzia kutoa na kuvuta pumzi.

(Kwa anayefanya mazoezi: kukaza mwili wote huku umebana pumzi hupandisha presha. Mkoromo ule haukuwekwa kwa mbwembwe. Hewa iendelee kutoka.)

Wala China haikuwa nyuma ya bahari tu wakati haya yakitokea. Tangu mwaka 1912 Naha ilikuwa na mfanyabiashara wa chai kutoka Fujian, Wu Xiangui, ambaye Waokinawa walimwita Go Kenki, mjuzi wa korongo mweupe na rafiki wa Miyagi. Alikuwepo pia Tang Daiji, naye muuza chai, huyu wa mtindo wa chui milia. Mtu aliweza kwenda kununua majani ya chai akarudi nyumbani na mbinu.

Kalamu iliyofuta

Ikiwa mambo yako wazi hivi, kwa nini mwanakarate wa kawaida, awe Osaka au Dar es Salaam, huona ajabu akiambiwa kata yake ni ya Kichina? Kwa sababu jina la sanaa yenyewe lilibadilishwa. Waokinawa waliiita "todi", mkono wa Tang, yaani mkono wa China. Herufi hizo hizo zinasomeka pia "karate". Kuna herufi nyingine inayosomeka "kara" ambayo maana yake ni tupu, na Hanashiro Chomo, mwalimu wa Okinawa, alishaitumia mwaka 1905. Tarehe 25 Oktoba 1936 walimu wakubwa walikutana Naha, Miyagi akiwemo, kwenye mkutano ulioandaliwa na gazeti, na herufi ya "tupu" ikapitishwa. Mwaka uliofuata Japani iliingia vita kamili na China. Kubaki na "mkono wa China" kwenye ubao wa dojo kungekuwa kujitafutia balaa.

Tokyo walikwenda mbali zaidi. Funakoshi Gichin, aliyeipeleka karate huko mwaka 1922, aliyabadilisha majina ya kata moja baada ya nyingine: Kusanku ikawa Kanku, Chinto ikawa Gankaku, Seisan ikawa Hangetsu, maneno ambayo Mjapani angeweza kuyatamka bila kujiuliza. Kisha yakaja mabomu. Naha iliteketezwa kwa ndege tarehe 10 Oktoba 1944, na vita vya ardhini vya 1945 vikamalizia. Ziliungua hati, wakafa wanafunzi, akiwemo Shinzato Jin'an ambaye Miyagi alimtegemea kuliko wote.

Sanchin ilipita katikati ya hayo yote na jina lake la Fuzhou. Hakuna aliyeifanya "sansen".

Na kuna kitu kimoja zaidi ambacho kalamu haikukigusa. Rudi kwenye dojo ya Goju-ryu, subiri mpaka karibu na mwisho. Ngumi ya mwisho imeshatoka, jasho linadondoka sakafuni. Mwanafunzi haendi tena na ngumi. Anafungua mikono yote miwili, anaipeleka mbele vidole vikiwa vimenyooka, anageuza viganja, anakamata hewa kama mtu aliyeshika kamba nene, anaivuta mpaka mbavuni. Anarudia mara tatu.